Bastola ya Mninga

Otmar hakuwa na bastola, wala hakuwahi kuishika. Hakuwa na cherehani ya ngozi. Hakuwa na meza ya kukatia, alikatia gotini. Hakuwa na ngozi inayofaa, hakuwa na sanduku la posta, na hakuwa na mtu wa kumuuliza, maana kuanzia Kagongwa hadi Geita hakusikia habari za fundi aliyewahi kushona ala ya bastola. Cheti hakuwa nacho, isipokuwa kile cha kisomo cha watu wazima alichokipata kwao Ushirombo akiwa tayari na ndevu. Subira pia hakuwa nayo. Hilo mkewe Monika alimtangazia kila aliyepita.

Alichokuwa nacho mwaka ule wa 1994 ni kibanda cha kushonea viatu katika machimbo ya Rwamgasa, mikono yenye akili, na ahadi aliyoitoa kabla ya kufikiri.

Ahadi yenyewe alimpa Gulamali, mfanyabiashara wa Geita, mtu mzima mwenye kitambi na maneno machache. Pale Rwamgasa Gulamali alikuwa na duka la sururu, tochi na kamba, na chumba cha nyuma chenye mizani ya kununulia dhahabu. Otmar alimpelekea viatu alivyovibadilishia soli. Gulamali alipoinama kuvijaribu, kitu kilichofungwa kwa leso kikaporomoka kutoka ndani ya shati lake, kikapiga sakafu kwa kishindo. Leso ikafunguka. Wakakitazama kile kitu, kisha wakatazamana.

Kibali cha serikali alikuwa nacho, Gulamali alieleza huku akiiokota bastola yake na kumwonesha karatasi yenye mhuri, ila ala ya zamani ilikwisha kuoza kwa jasho. Akauliza kama Otmar angeweza kushona nyingine. Otmar akajibu kwamba angeweza, kama mtu anayeulizwa kuhusu ndala.

"Sharti ni moja, fundi," Gulamali alisema. "Hapa hakuna anayejua kwamba ninayo. Siku wakijua, wanaoitaka dhahabu yangu watakuja na kubwa kuliko hii. Asijue mtu. Hata mkeo, Mama William, asijue."

Otmar akakubali. Akatoka dukani akiwa na kazi asiyoijua na siri isiyo yake.

Njia aliipata kwenye kipande cha gazeti kilichofungia misumari. Palikuwa na tangazo la shule moja ya ufundi kwa njia ya posta, huko Moshi, iliyofundisha kazi za ngozi za kila namna. Otmar akauza mbuzi, akaomba kutumia anwani ya parokia, akaandika. Bahasha ilipokuja alikuta masomo yaliyopigwa chapa kwa stensili, na barua ya mkono kutoka kwa mwalimu wake. Jina lake Euphrasia. Alikuwa ameshona mikanda, matandiko ya farasi na ala za bastola katika karakana ya misheni mpaka macho yake yakachoka, ndipo akageukia kufundisha kwa kalamu.

Wachimbaji waliopita kibandani walimcheka. Walisema wameona mengi katika machimbo, lakini fundi wa kufundishwa na bahasha ndiyo mara ya kwanza. Mmoja alimwuliza kama bahasha hiyo huchapa viboko. Otmar akajibu kwamba huchapa, tena kwa wino mwekundu. Hakuwa anatania. Kipande cha kwanza alichokipeleka Moshi kilirudi kimezungushiwa alama, na chini yake maneno haya: "Mwanafunzi wangu, huu ni mshono wa mtu anayesubiri basi. Fumua, anza upya." Otmar alikasirika kutwa nzima. Jioni akafumua.

Cha pili kilirudi na lawama nyingine. Mshono ulikuwa sawa, lakini ngozi ilikuwa laini ya mikoba, ambayo hata ukiiumba namna gani italala tu kama kitambaa. Mwalimu akamwelekeza atafute ngozi ya ng'ombe iliyoiva kwa magome ya miti, siyo kwa dawa za kiwandani. Otmar akasafiri hadi Kagongwa kwa mzee aliyekuwa bado akiloweka ngozi kwa magome ya mgunga, akarudi na kipande kigumu chenye harufu kali. Monika akasema ama ngozi ilale nje, ama mwenye ngozi alale nje nayo.

Ndipo likaja somo la kalibu. Kama vile kiatu kinavyoumbwa juu ya mguu wa mti, ala nayo huumbwa ikiwa imelowa, juu ya bastola ya mti. Ya kweli hailoweshwi maji, na fundi hana ruhusa ya kukaa na silaha ya mtu. Gulamali akaitoa risasi bastola yake katika kile chumba cha nyuma, Otmar akaichora pembeni kwa penseli na kuipima unene kwa uzi wenye mafundo. Kisha akachukua gogo la mninga, akachonga.

Mwalimu alitoa maagizo mawili ambayo Otmar aliyatii huku akinung'unika. La kwanza, juu ya mtutu abakize utepe mrefu wa mti uliotuna, ili ndani ya ngozi ibaki njia ya kupitia kile kijino cha kulengea. La pili, asitoboe ile pete inayozunguka kifyatulio. Mahali pa kidole paachwe mti mzima, la sivyo ngozi itazama humo na bastola itakwama. Otmar aliona kazi yake imeharibiwa sura. Lakini akafuata.

Agizo la tatu ndilo alilolipindua. Kalibu ipakwe nta, mwalimu aliandika, isinywe maji. Nta haikuwapo. Fundi viatu akikosa nta hufikiria nini? Otmar akachukua dawa ya viatu, nyeusi, akaipaka bastola ya mti tabaka juu ya tabaka, akaisugua kwa kitambaa mpaka ikang'aa. Kisha, mchana kweupe, akaianika juu ya bati la kibanda chake ikauke.

Kosa lake halikuwa dogo. Wiki chache kabla, majambazi waliwasimamisha wanunuzi wa dhahabu kwenye barabara ya Geita, wakawapora kila kitu. Mmoja wa walioporwa aliapa kwamba bastola aliyoelekezewa kifuani ilikuwa ya mti, iliyopakwa rangi nyeusi. Tangu hapo sungusungu wote, wale walinzi wa kijadi wa Rwamgasa, walikuwa wakiitafuta bastola ya mti.

Filimbi zilianza upande wa madukani, zikajibiwa upande wa maduara, kwenye mashimo ya dhahabu. Otmar aliinua kichwa kutoka kwenye kiatu cha watu, akaona kibanda kimezungukwa na wanaume wenye pinde. Mbele yao alisimama kamanda wao, Nkwabi, mzee mrefu wa Kisukuma aliyekuwa na macho ya kuhesabu ng'ombe kwa mbali. Otmar akamwamkia. Nkwabi hakuitikia marahaba. Hapo Otmar alijua maji yamezidi unga.

Walimpeleka uwanjani karibu na soko. Watu waliacha mizani, waliacha sufuria, wachimbaji walitoka shimoni na tope lao. Kila mmoja alijua adhabu ya sungusungu ilivyokuwa. Mtu akitengwa, hakuna wa kumsalimu, hakuna wa kumuuzia chumvi wala kumpa moto, mpaka ahame mwenyewe. Mtu wa mwisho kutengwa pale aliondoka na mkeka kichwani, na hata mbwa wake waliitwa wasimfuate.

Otmar alieleza habari za shule ya Moshi. Alieleza habari za ala. Nkwabi alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: bastola aliyoiiga ni ya nani?

Gulamali alikuwa Mwanza, hakuwapo wa kumtetea. Jina lilikuwa mdomoni. Akilitaja anarudi kibandani, na kabla ya giza Rwamgasa nzima ingejua tajiri anabeba nini chini ya shati, na wale wa barabara ya Geita nao wangejua.

"Hilo siwezi kulisema, Kamanda."

Minong'ono ikapanda. Mchimbaji mmoja akasema mwenye siri na mwenye bastola ni mtu mmoja. Mwingine akasema majambazi nao wana fundi wao, ala wanazihitaji kama watu wengine. Monika alijipenyeza hadi mbele, kanga imemteleza begani.

"Baba William, sema. Nani huyo anayekupenda kuliko sisi?"

"Nilimwahidi, Mama William."

Monika akajifunga kanga yake, akaenda kusimama ubavuni mwake, akawatazama wale wenye pinde mmoja mmoja. Otmar alikuja kusema baadaye kwamba katika miaka yote ya ndoa yao hakupata kupewa kitu kikubwa kuliko zile hatua za mkewe.

Nkwabi alikuwa ameishika ile bastola, akiigeuza. Otmar alipoona vidole vya mzee vinapapasa upande wa chini, akili ikamrudi.

"Kamanda, naomba uishike kama anavyoishika mwizi. Tia kidole mahali pake."

Nkwabi akaielekeza mbinguni, kidole cha shahada kikatafuta njia. Kikagonga mti. Kikajaribu upande wa pili, kikagonga mti. Mtu akacheka nyuma, akanyamazishwa.

"Kidole changu kinaingia wapi?"

"Hakina pa kuingia. Mwalimu wangu aliniagiza niache mti mzima hapo, ngozi isizame. Na huo mgongo uliotuna juu, uliwahi kuuona kwenye bastola ya polisi? Anayetaka kumtisha mtu huchonga kile kinachoogopwa, Kamanda. Mimi nimekiziba."

"Labda alishindwa kutoboa," mchimbaji mmoja alisema.

"Nimeshindwa kutoboa?" Otmar alimgeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilipanda. Kushukiwa ujambazi alikuwa amekuvumilia. Kushukiwa ufundi mbovu kulimshinda. "Njoo na buti lako lile nililokushonea, tuone kama najua kutoboa au sijui."

Uwanja ukacheka. Hata Nkwabi alikaza midomo isimwangushe. Akamwambia Otmar maneno yametosha, aoneshe hiyo kazi anayoisema.

Wakaleta beseni la maji, na ngozi ya Kagongwa iliyokuwa imekwisha kukatwa na kushonwa. Otmar akailoweka mpaka viputo vikaacha kupanda. Akaichomeka bastola ya mti ndani yake, akaanza kuikanda kwa vidole gumba, kisha kwa mfupa laini, kama somo lilivyosema: usiibane, ibembeleze. Polepole umbo likatokea katika ngozi, mtutu, pete, mgongo. Waliokuja kuona mtu anatengwa wakaanza kusogea, wengine wakachuchumaa. Jua la Rwamgasa lilifanya kazi yake. Ngozi ilipoanza kukakamaa, Otmar akaichomoa bastola, na ala ikabaki wazi, imeshika umbo kama kwamba kitu bado kimo ndani. Akairudisha, akaigeuza ala kichwa chini, akaitikisa. Bastola haikuanguka.

Nkwabi akaichukua, akaitikisa mwenyewe, kwa nguvu zaidi. Haikuanguka.

"Mwenye nayo ana kibali cha serikali?"

"Anacho. Nimekiona."

Mzee akashauriana na wenzake kwa Kisukuma, kwa muda uliomtosha Otmar kuomba sala zote alizozijua. Hukumu ilipotoka ilikuwa fupi. Kosa la fundi ni rangi. Aikwangue pale pale mbele ya watu, na kalibu ilale nyumbani kwa kamanda. Akiihitaji kwa kazi ataiomba, akimaliza atairudisha. Jina la mwenye bastola asiulizwe tena na mtu.

"Wabeja, Kamanda," Otmar alisema, na shukrani hiyo ya Kisukuma ilimtoka na pumzi yote.

"Marahaba," Nkwabi akajibu. Lilikuwa lile itikio la salamu alilolibakiza kule kibandani.

Gulamali aliporudi kutoka Mwanza habari zilimpokea njiani. Alikuja kibandani mwenyewe, akaingia, akavuta pazia. Akaivaa ala chini ya shati, akainama, akasimama, akainama tena. Kisha akamwambia Otmar kwamba lilikuwa neno moja tu, na angelisema asingemlaumu. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia upesi. Wako wafanyabiashara wengine Geita wenye vibali, alisema, nao atawaelekeza kwa fundi anayejua kunyamaza.

Kesho yake, kabla ya kufungua kibanda, alikaa mkekani na karatasi mbili zenye mistari. Aliandika kwa mwandiko wa kisomo, herufi moja moja imesimama wima.

"Mheshimiwa Mwalimu Euphrasia, salamu nyingi. Ala imekamilika na mwenyewe ameridhika. Nimeambatanisha kipande cha mshono ukikague. Uliponiambia niache mti mzima mahali pa kidole, nilinung'unika, tena mbele ya mke wangu. Kwa agizo hilo mimi bado ninakaa Rwamgasa na watu bado wananisalimu. Sura yako siijui, wala wewe hunijui, lakini nyumbani kwangu unatajwa katika sala kabla ya chakula. Nisamehe kwa ile dawa ya viatu. Nitakueleza habari yake ukipenda. Asante, Mwalimu. Sasa naomba somo linalofuata."

Monika akamwambia aongeze salamu zake. Akaziongeza. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka kwa vumbi, akaipaka gundi ya viatu, naye Monika akacheka kwamba mwalimu ataifungua kwa nyundo. Otmar akaibana bahasha kwa kiganja mpaka ikashika, akaandika anwani ya Moshi, akadandia lori la kwenda Geita. Posta ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa. Akabandika stempu, akaisoma anwani mara ya mwisho, akaiachia bahasha katika tundu la sanduku.