Leso Kati ya Viti Viwili

Mguu wa mama mkwe wangu naujua kuliko uso wake. Desemba iliyopita, tulipomzika kwao Bungoma, watu walipanga foleni kupita kando ya jeneza, nami nikabaki langoni na wakwe wenzangu, kofia mkononi. Desturi yao na yetu Waluo zinakubaliana hapo: mkwe hamkodolei macho mama wa mkewe akiwa hai, sembuse akiwa amelala. Kijana mmoja wa mjini alinijia akaniuliza, kwa upole, kama tulikuwa tumekosana na marehemu. Nilimwambia hapana, nilimpenda sana, na ndiyo sababu nimesimama mbali. Sidhani alinielewa. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyaficha.

Nilichokuwa nakiona pale langoni ni boneti.

Boneti ya kijani iliyopauka, imeinuliwa na kuegemezwa kwenye chuma chake. Ilikuwa ya gari la michezo la Kiingereza, milango miwili na viti viwili tu, pua ndefu, lililoletwa gerejini kwangu Kawangware 46, Nairobi, katikati ya miaka ya tisini. Mwenyewe alikuwa mzee Waithaka, aliyeshindana nalo enzi za ujana wake na bado alitembea kama mtu anayetafuta gia. Gari lilikuwa na ugonjwa mmoja. Likinguruma limesimama, lingeweza kukaa hivyo kutwa bila neno. Ukilipandisha mlima, maji yanachemka kabla hujafika Uthiru.

Nililihangaikia. Rejeta niliitoa nikaipeleka kuzibuliwa, kifuniko chake nikabadilisha. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameng'oa thamostati, kile kizibo kinachodhibiti joto la maji, akaitupa, kama tulivyofanya mafundi wengi wa Nairobi siku hizo, kwa imani kwamba hicho ni kidude cha nchi za baridi. Nikatafuta nyingine nikairudisha. Nikachunguza oili kama imeingia maji, nikanusa moshi, nikaangalia kama rejeta inatoa mapovu. Wapi. Na kila lilipochemka barabarani, nikiegesha na kufungua boneti nakuta kila kitu mahali pake, kimetulia, kama darasa lililosikia viatu vya mwalimu. Nilianza kulichukia gari lile, kisha nikaanza kujichukia mwenyewe.

Wiki ile ile matatu zote ziligoma, na wiki ile ile ndiyo mama mkwe alikuwa na safari.

Mamake Nasambu, mke wangu, alikuwa fundi cherehani kwa maisha yake yote, mpaka mtoto wa jicho alipomfunika macho yote mawili. Aliacha kazi siku aliposhindwa kabisa kuona tundu la sindano. Cherehani ikafunikwa kitambaa, ikawekwa pembeni, naye akawa mtu wa kushikwa mkono. Sasa kulikuwa na madaktari wa macho waliotembelea hospitali ya misheni huko juu upande wa Limuru kwa wiki moja tu, na zamu yake ilikuwa Alhamisi. Wakishaondoka, hakuna aliyejua watarudi lini.

Alikuwa na haraka yake mwenyewe. Binti yetu Whitney alikuwa na miezi mitano, na nyanya yake hajamwona. Alikuwa akimpapasa pua, masikio na kisogo, halafu anauliza, "Anafanana na nani?" Nasambu alimjibu jibu tofauti kila siku ili kumchekesha. Mama alicheka, lakini vidole havikuacha kupapasa. Alhamisi ikipita angerudi Bungoma na uso wa kusimuliwa.

Kwetu, mtaa wa Kabiro, hakulala, maana mama halali nyumbani kwa mkwe. Alilala Kibera kwa mwanawe Shiundu, na asubuhi Nasambu alimfuata huko, wakatembea pole pole mpaka Kawangware ili ashinde na mtoto. Shiundu alipendekeza kumpandisha Limuru kwa mkokoteni, akanyamazishwa. Ndipo nilipomwendea mzee Waithaka na kumweleza shida yangu yote. Alinisikiliza akiwa amefumba jicho moja.

"Ouma, mimi hiyo gari nataka ipimwe kwa mlima," akasema. "Ukienda peke yako ama ukienda na mama, kwangu ni sawa. Bora isichemke."

Basi gari lilikuwepo. Tatizo ni kwamba lingeniachia kipofu kando ya barabara pale Uthiru, na hata maji ya kumpoza ningekuwa nimeyamalizia kwenye gari.

Jumatano ikafika na sijui lolote. Msaidizi wangu Oketch alikuwa amekwama kwao kwa sababu ya mgomo. Nasambu alimleta mama gerejini, akamketisha kwenye benchi akitazama ukuta wa mabati, mgongo kwangu, Whitney mapajani, kisha yeye akaenda kusaga unga. Nikabaki nimeinama injinini, nikivuta waya wa mafuta kwa mkono ili injini ipige kelele, nikitazama, nikiachia, nikitukana kimoyomoyo.

"Whitney," nikamsikia mama akimwambia mtoto, uso wake ukutani. "Uliza baba yako hiyo gari inalilia nini."

Hatukuwa tumewahi kuzungumza, mimi na yeye. Nasambu ndiye aliyebeba maneno yetu, "anasema hivi, anasema vile", na mengine nadhani aliyapunguza chumvi njiani. Sasa mkalimani wetu alikuwa mtoto asiye na hata jino moja. Nikaona haya kwanza, kisha nikamwambia Whitney amweleze kukhu, nyanya yake, kwamba gari linachemka likikazwa mwendo, na ukisimama kulitazama halina kitu. Mama akataka Whitney aulize mtu anajuaje kwamba linachemka kabla ya kuona mvuke. Nikasema kuna sindano katikati ya dashibodi. Ikikaa katikati, gari ni zima. Ikilalia kwenye nyekundu, simama.

"Sindano tena," akasema. "Mwambie baba yako mimi na sindano tuliachana."

Akacheka kicheko kifupi, nami nikacheka nikiwa nimeinamia injini. Halafu akauliza, kupitia njia yetu ile ile, ni kitu gani kimenipungukia. Nikasema ukweli: mguu. Waya wa mafuta uko upande huu wa injini, na kuna mpira mmoja wa maji chini kabisa upande ule, nyuma ya feni, ambao siwezi kuufikia kwa macho huku mkono umeshika waya. Nahitaji mtu akanyage mafuta ndani ya gari, mimi niiname kule nimulike tochi.

Whitney alitoa sauti zake. Kutoka kwenye kinu cha unga jirani, mashine ilikuwa ikiguna.

"Whitney, sema kukhu ako na mguu."

Nilisita, sitaki kudanganya. Kumkanyagisha mama mkwe mafuta ya gari ni jambo ambalo hakuna mzee wa kwetu aliyewahi kulitolea hukumu, kwa sababu hakuna aliyefikiria kama lingetokea. Lakini Alhamisi ilikuwa kesho. Nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikavuta breki ya mkono, nikaiacha gia huru, kisha nikaenda kusimama mbali wakati yeye akifuata ubavu wa gari kwa kiganja mpaka akapata mlango. Aliingia na Whitney mapajani. Akavua kiatu.

Boneti ilisimama kati yetu kama mlango. Yeye hakuwa anaona kitu. Ile boneti ilikuwa kwa ajili yangu.

Injini ikinguruma sauti ya kawaida haifiki, na mkwe hampigii mama mkwe kelele. Kwa hiyo tulikubaliana kupitia Whitney: nikigonga bodi kwa spana mara moja, kukhu aongeze, nikigonga mara mbili, aachie. Nikainama upande ule mpaka kifua kikalala kwenye madigadi, tochi mdomoni. Nikagonga.

Nimefanya kazi na watu wengi kwenye kiti kile. Wengi hukanyaga kama wanaua mende, kisha wanaachia, kisha wanakumbuka tena. Mguu wa mama ulishuka kama maji yanayopanda kwenye ndoo. Injini ikainuka taratibu, ikafika pale ninapopataka, ikakaa. Haikutetemeka. Nikaelewa, na nikafurahi hata kabla ya kuona chochote: huu ni mguu wa cherehani. Macho yalikuwa yameondoka na kazi yake, lakini mguu haukuwa umesahau.

Nikagonga tena. Sauti ikapanda zaidi, ikashikiliwa pale pale kwa muda mrefu, muda ambao hakuna kijana angevumilia. Na mbele ya tochi yangu ule mpira wa chini ukaanza kujikunja. Ukabonyea, ukalala bapa kabisa, kama koo la mtu aliyekatazwa kumeza. Nikagonga mara mbili. Mguu ukaachia, na mpira ukajaa, ukawa mviringo, mzuri, hauna hatia.

Ndiyo ilikuwa hiyo. Ndani ya mpira kulikuwa na waya wa kuuzuia usijifunge, nao ulikuwa umeliwa na kutu miaka mingi. Pampu ikivuta maji kwa nguvu, mpira unajifunga palepale, wakati maji yanapohitajika kuliko wakati wowote. Ukisimama kutazama, unafunguka. Nilirudia mara tatu, si kwa sababu nilikuwa na shaka, bali kwa kuupenda mguu ule.

"Whitney," nikasema nilipozima injini, "mwambie kukhu tumeuona."

Jioni ile nilikata mpira wa lori uliokuwa mnene, nikazungusha waya mgumu kwenye bomba mpaka ukawa springi, nikausukuma ndani. Asubuhi Nasambu akaja na wazo lake la leso, ile kanga yake ya kujifunga. Viti vilikuwa viwili, yeye na mtoto hawakuwa na nafasi, na mimi na mama tungekaa bega kwa bega. Akafunga pembe moja ya leso kwenye kioo cha ndani, nyingine kwenye ndoano ya koti kule nyuma. Maandishi yaliangukia upande wangu, kichwa chini miguu juu: Jirani, punguza maneno. Majirani wa Kabiro walitoka wote kututazama, na kuna waliocheka mpaka wakashika ukuta.

Tulipanda bila neno. Mkalimani wetu alikuwa amebaki nyumbani, na sikujua mtu huanzaje. Nilisikia tu pumzi yake nyuma ya leso, na shanga za rozari. Uthiru tukaipita. Nikaitazama sindano zaidi ya nilivyotazama barabara. Mlima ukakaza, nikakaza nao, na sindano haikuondoka mahali pake. Nilitaka kumwambia. Sikupata njia.

Walimfanyia jicho moja siku hiyo, na asubuhi iliyofuata wakamfungua kitambaa. Mimi nilikuwa uani nikisafisha vioo vya gari vilivyokuwa safi tayari. Nikasikia muuguzi akisema, "Pole pole, mama," na nyayo zikija zenyewe, bila kiganja kinachokwaruza ukuta. Nikageuka nikatazama rejeta. Sikumwona akiingia. Nilipoketi, nilikuta leso, niliyokuwa nimeifungua tulipofika, iko mahali pake. Amefunga pembe zote mbili mwenyewe, fundo dogo, safi, la mshonaji.

Tukateremka. Kulikuwa na majani chai pande zote mbili, kijani kibichi, naye alikuwa kimya, nami nikajua anatazama. Sikutaka kumharakisha. Nilijiuliza kama aliona vizuri au kama ni mwanga mtupu, na sikuwa na wa kumuuliza. Mpaka tulipofika ule mteremko wa kutoka Uthiru, palepale gari lilipokuwa likinisaliti, na mwili wangu ukajikaza wenyewe kwa mazoea.

"Whitney," mama akasema nyuma ya leso, ingawa Whitney alikuwa Kabiro mgongoni mwa mama yake. "Ambia baba yako sindano naiona. Iko katikati."

Nilishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Whitney," nikasema, "mwambie kukhu nimesikia."