Tangazo la Josho

Ilipofika saa saba mchana ofisi nzima iliinuka kwenda kula, na Nashoni akabaki kitini, amefunga. Ndivyo alivyomwambia dada wa mapokezi siku ya kwanza, alipoulizwa mbona hatoki na wenzake. "Nimefunga, dada." Neno lilimtoka kabla hajalipima. Ukweli ni kwamba hakuwa na hela ya chakula, wala hakuwa na uso wa kulisema hilo mbele ya watu wanaokula samaki kila siku na kuacha kichwa.

Wiki ya pili alikuwa bado amefunga. Wiki ya tatu wakaanza kumwita Mchungaji, na mmoja mmoja wakamletea shida zao awaombee: huyu mume mlevi, yule kiwanja chenye kesi. Aliwaombea kwa moyo wote huku tumbo likinguruma katikati ya sala. Jioni, akisharudi chumbani, alimwomba Mungu amsamehe uongo wa mchana.

Alikuwa mwanafunzi wa chuo, amekuja Mwanza likizo ya Julai kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni moja ya utalii yenye kambi za mahema huko porini, upande wa kwao Serengeti. Fildi haina mshahara. Kampuni ilisema inampa uzoefu, na uzoefu, hata ukiuchemsha kutwa nzima, hauivi. Chumba chake kilikuwa juu ya mawe ya Mabatini, na mwenye nyumba alimjua kwa jina la "wa chumba cha mwisho". Kwao Natta mtu hapiti njiani bila kuulizwa mama yake ameamkaje. Hapa aliweza kumaliza siku mbili hajaitwa jina lake na mtu yeyote, na jambo hilo lilimuuma kuliko njaa.

Jumapili alikwenda kanisa kubwa lenye skrini. Wageni walipoombwa kusimama alisimama, akapigiwa makofi, akaimbiwa wimbo wa kukaribishwa, akaketi. Ibada ilipokwisha watu walimpita wakielekea kwenye magari yao. Jumapili iliyofuata wageni wakaombwa tena kusimama, na Nashoni akasimama tena. Ya tatu hivyo hivyo. Hakuna aliyegundua.

Nyumbani kanisa lilikuwa la bati na udongo, lakini huko alikuwa mtu. Tangu kidato cha pili yeye ndiye aliyesoma matangazo kila Jumapili, maana alikuwa na sauti nzito iliyotulia, isiyo na haraka. Nashoni akisema ujenzi wa choo ni Jumanne, Jumanne watu walifika na majembe. Mzee Simioni, mzee wa kanisa, alizoea kusema kwamba huyu mtoto hata akitangaza mvua kesho, yeye atatoa mbegu zake ghalani.

Mkuu wa mahusiano ya jamii pale ofisini alikuwa Bwana Waitara, mtu wa Tarime, kitambi mbele na manukato nyuma. Kwa mwezi mzima alimpita Nashoni kama anavyopita kabati. Siku moja akasimama mbele ya meza yake.

"Mchungaji, hivi wewe kwenu wapi?"

"Natta, bosi."

"Natta hii yetu ya Serengeti?" Waitara akavuta kiti, akakaa. "Kinata unakijua, au nyie ndio wa Kiswahili tu?"

"Ndiyo lugha ya nyumbani, bosi."

"Na ng'ombe?"

"Nimechunga mpaka nakwenda sekondari."

"Ukiwaita wanakuja?"

Nashoni akatabasamu. Hakuna mtu mjini aliyewahi kumuuliza jambo analolijua. "Wanakuja, bosi."

"Hebu waite."

Akatia vidole viwili kinywani, akapiga mluzi mara mbili, kisha akautoa ule mwito wa kooni aliofundishwa na marehemu baba yake, mrefu, unaopanda na kushuka kama njia ya kwendea mtoni. Watu wakachungulia milangoni. Dada wa mapokezi akapiga makofi. Waitara alicheka mpaka akafuta macho, na mchana ule akamchukua Nashoni wakale wali na sato.

"Leo unafungua," alisema.

Mkono mtupu haulambwi, na wa Waitara haukuwa mtupu. Nashoni alikula mpaka aibu ikamshika. Alifurahi, na si kwa sababu ya samaki peke yake. Mtu alikaa naye meza moja akamuuliza habari za baba yake, na akangoja jibu.

Kesho yake wakamwingiza kwenye chumba kidogo, wakamwekea kipaza sauti mbele. Maneno yalikuwa yamekwisha kuandikwa. Kampuni, kwa mapenzi yake kwa majirani, imejenga josho jipya ng'ambo ya korongo. Jumatano wafugaji wote walete ng'ombe waogeshwe na kuchanjwa, bure kabisa. Moyo wa Nashoni uliruka. Mwaka uliopita ndigana ilimuulia mama yake ng'ombe wawili kwa kukosa dawa ya kupe, na hao waliobaki ndio waliokuwa ada yake ya mwaka wa mwisho, maziwa ya mama na akiba ya mazishi yake, vyote pamoja. Lakini alipofika kwenye neno korongo akasita.

"Bosi, ng'ambo ya korongo si ndiko walikohamishia vigingi vya mpaka wa hifadhi? Wazee wamekataza mtu kuvuka."

Waitara hakukasirika. "Vigingi ni vya serikali, dogo. Sisi tunaleta dawa. Mama yako ana ng'ombe?"

"Anao."

"Hawana kupe?"

"Wanao."

"Haya, soma."

Akasoma. Alianza na mluzi na mwito, kama Waitara alivyotaka, kisha Kinata, kisha Kiswahili, kwa ile sauti ya Jumapili. Mwisho akaongeza maneno ambayo hayakuandikwa, kwa sababu hakujua kumaliza tangazo bila hayo: "Mungu awabariki."

"Hiyo hiyo!" Waitara akapiga meza. "Hiyo nyie mliokaa mkaandika hamkuiona. Iacheni."

Jumatatu mama yake alimpigia simu akicheka. "Baba, tumekusikia! Gari limepita na vipaza sauti juu, nikadhani umekuja. Nimetoka mbio na unga mikononi. Watu wote wananiambia, Kezia, si Nashoni wako huyo!"

"Mnakwenda, mama?"

"Walikuwa wanabishana, wanasema huko ng'ambo kuna vigingi. Simioni akawaambia, kama ni Nashoni aliyetangaza, twendeni. Basi wamekwisha kubishana."

Siku nzima ile Nashoni alitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Alijisikia yuko nyumbani, barabarani kwao, anasalimiwa na kila mtu.

Jumatano simu ya mama haikupatikana. Alhamisi haikupatikana. Ijumaa ilipokelewa, na mama hakuitikia shikamoo yake.

"Josho lile halina maji, Nashoni," alisema. Hakulia. "Ni ukuta tu. Hata saruji haijakauka."

"Mmerudi na ng'ombe?"

"Tulipovuka korongo, tukalikaribia josho, askari wa pori wametoka vichakani na bunduki, wanasema ng'ombe wameingia hifadhini. Wametuonyesha kigingi, kweli kiko nyuma yetu. Vijana wakajaribu kuwarudisha ng'ombe korongoni. Lile gari la matangazo likapiga sauti yako, na mluzi na mwito. Ng'ombe wetu walikuwa wa kwanza kugeuka. Si wanakujua? Waliifuata mpaka ndani ya zizi la askari, na wa wenzetu wakafuata wetu. Faini waliyotaja, baba, hata tukijiuza wenyewe haifiki. Wasiolipa wanapigiwa mnada."

Nashoni aliingia kwa Waitara bila kubisha hodi. Bosi alikuwa anachokonoa meno.

"Ng'ombe wamekamatwa, bosi. Wa kijiji kizima. Nataka nirekodi tangazo jingine, watu wajue sikujua. Na kampuni iseme ndiyo iliyowaita."

"Kampuni imemwita nani?"

"Wafugaji. Ng'ombe."

"Kaa." Nashoni hakukaa. "Mimi sijui Kinata, Mchungaji. Mkurugenzi ni mzungu, hata Kiswahili kinamshinda. Twende polisi, twende mahakamani, watasema tusikilize hiyo sauti. Itakuwa ya nani?"

Nashoni akakivuta kiti, akakaa.

"Wale watu wamekalia eneo la watalii miaka yote kwa sababu ya ng'ombe," Waitara aliendelea, kwa upole kabisa, kama mjomba. "Ng'ombe wakiondoka, na wao watahama wenyewe. Wewe umesoma, utaelewa. Nitakuandikia ripoti nzuri ya fildi. Ukimaliza chuo njoo, hapa una kazi. Sasa Jumatatu kuna tangazo la mnada—"

"Sisomi."

"Usisome." Waitara akarudisha kijiti chake mdomoni. "Yule kijana wa kompyuta anasema siku hizi mashine ikishakusikia dakika chache tu inajisemea yenyewe kwa sauti yako. Nenda kapumzike."

Kesho yake Nashoni alipanda basi la alfajiri, akashuka Natta mchana wa jua kali la Agosti. Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa Mzee Simioni, anatembea na fimbo ya kuchungia, na mbele ya fimbo hakuna kitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kwa basi, au na lile gari lako?"

"Mzee, mimi sikujua. Nilipewa nisome—"

"Hata mimi sikujua," alisema Simioni. "Mimi ndiye niliyewaambia twendeni." Akaendelea na njia yake.

Jumapili kanisa lilijaa, na benchi alilokaa Nashoni halikujaa. Ulipofika wakati wa matangazo mikono yake iliinuka yenyewe kutafuta karatasi. Mzee Simioni alisimama, akavaa miwani iliyofungwa uzi, akasoma kwa shida, herufi moja baada ya nyingine, na watu wakamsubiri kwa uvumilivu mpaka akamaliza. Nyuma yake Nashoni alisikia mwanamke akinong'ona kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Alitamani wageni waombwe kusimama.

Baada ya ibada alijieleza kwa kila aliyekubali kusimama. Aliwaambia kwamba hata wakisikia tangazo jingine, si yeye, ni mashine. Mama mmoja aliyekuwa jirani yao tangu azaliwe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa utaratibu, "Sasa mashine imejuaje mluzi wa baba yako?"

Jumatatu mama alipika ugali kidogo na mlenda, bila maziwa, akamwekea yeye.

"Na wewe, mama?"

"Kula, baba. Mimi leo nimefunga."

Nashoni alilitazama tonge mkononi mwake. Aliijua funga hiyo, yeye ndiye fundi wake. Akausogeza ugali katikati yao, lakini mama alikwisha kuinuka, amekwenda kumtazama ndama.

Ndama ndiye aliyebaki. Jumatano ile alikuwa mchanga mno kutembea hadi korongoni, kwa hiyo alifungiwa nyumbani, na ng'ombe aliyemzaa akaenda kuogeshwa. Ng'ombe wa maskini hazai, na huyu aliyezaa, mtoto wake alikuwa ananyweshwa uji kwa kopo la bati. Zizi lote lilikuwa lake, na alikuwa amesimama pembeni kabisa, ubavu umeegemea miiba, kama mtu asiyejua akae wapi kwenye nyumba kubwa.

Ndipo mluzi ulipolia barabarani. Mara mbili. Kisha mwito, ukapanda, ukashuka.

Nashoni alikuwa mlangoni, kinywa kimefungwa. Mama akageuka akamtazama, akatazama barabara ambako vumbi la gari lilikuwa linainuka, akamtazama tena mwanawe. Sauti ilisalimia kwa Kinata, ikawauliza watu wa Natta wameamkaje, halafu kwa Kiswahili, bila haraka, ikawakaribisha wote kwenye mnada wa mifugo iliyokamatwa, Jumamosi, mwenye hela aje na hela yake. Ilikuwa sauti yake kwa kila kitu, hata kupumua.

Ndama alisimamisha masikio. Akasukuma kichwa kwenye miiba, akarudi nyuma, akasukuma tena, na ua uliokuwa haujatengenezwa tangu wanaume wapoteze sababu ya kutengeneza ua ukaachia. Akatoka, miguu bado haijakomaa, akakimbilia barabarani.

"Mwite!" mama alipiga kelele. "Nashoni, mwite!"

Akatia vidole kinywani. Mluzi ulitoka mkavu, umevunjika katikati. Akaita, na mwito ukakatika kabla haujapanda. Ndama alisimama katikati ya njia, akageuza kichwa kumtazama, akasikiliza. Kule mbele vipaza sauti viliita tena, kwa nguvu, kwa koo zima. Ndama akageuka akaifuata sauti hiyo, na mama akamkimbilia nyuma, kanga inamdondoka, anaita na yeye.

"Asanteni kwa ushirikiano wenu," sauti ya Nashoni ilisema kutoka ndani ya vumbi. "Mungu awabariki."