Jikoni kwa Mama Linda

Uso wa Hermelinda Arriaga ulikuwa kila mahali. Ulikuwa kwenye karatasi za kufungia taco, kwenye vikombe vya soda, na kwenye mabango ya barabara kuu ya California kutoka Colton mpaka Fresno, shali begani, mwiko mkononi, na maneno chini yake: Kutoka jikoni kwa Mama Linda. Mwenyewe akipita na gari mbele ya bango aliinama akajifanya anatafuta kitu mkobani. Maana Hermelinda, Mungu amsamehe, hakujua kupika. Wali wake uliungua chini na juu ukabaki mbichi, na maharage yake mbwa wa jirani aliyanusa mara moja akaenda zake.

Mpishi alikuwa mumewe, Nemesio. Ndiye aliyefungua kidirisha kando ya reli, huko nyuma mwaka wa hamsini na sita, akiwakaangia wafanyakazi wa treni taco, chapati za mahindi zilizokunjwa na nyama ndani. Alikuwa mtu wa haya. Mteja akimsifu, alizidi kujificha ndani ya moshi. Hermelinda alisimama dirishani akiita watu, na sauti alikuwa nayo. Biashara ilipoanza kuzaa matawi akaja Bwana Prescott, mtu wa matangazo kutoka Los Angeles, akasema watu hawanunui chakula kwa mwanamume anayetoka jasho, wananunua kwa mama. Akataka picha. Nemesio alishukuru kama mtu aliyeponea jela. Hermelinda akapewa mwiko ashike, akacheka, kamera ikalia. Angejua kicheko kile kingefika Fresno, angefunga mdomo.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha hata kanisani. Misa ikiisha tu, jirani yake Refugio, fundi cherehani, alimdaka mkono mlangoni.

"Hebu niambie leo, mwenzangu. Ile nyama unaitia nini?"

"Siri ya familia," alijibu Hermelinda, na mbio garini.

Sasa mwanawe Wenceslao, aliyeshika usukani wa kampuni, alikuwa amejenga upya kile kidirisha cha kwanza pale pale kwenye reli. Televisheni ingekuja kwenye ufunguzi, na Prescott, ambaye mvi hazikumpunguzia maneno, alitaka Mama Linda akaange taco ya kwanza mbele ya kamera, moja kwa moja hewani.

"Wences, mwanangu, waambie naumwa."

"Ni taco moja tu, mama."

"Hiyo moja ndiyo itakayotuzika! Watu wakijua tumewadanganya miaka yote hii, nani atakula kwetu tena?"

Hilo hilo ndilo lililokuwa likimnyima Wences usingizi.

Nemesio akajaribu kumfundisha nyumbani. "Chapati ya mahindi iguse mafuta kwanza, ilainike. Ndipo uikunje."

"Nimeelewa, mzee."

"Ulisema hivyo hivyo tukiwa wachumba."

Siku ikafika. Watu walijaa mpaka kwenye mataruma ya reli, wazee wa treni mbele kabisa na kofia zao. Hermelinda akavalishwa shali ileile ya kwenye mabango. Akachukua chapati, akaijaza nyama, akaikunja ikiwa baridi, ikapasuka katikati, pa! Nyama ikamwagikia karaini, mafuta yakaruka, na Mama Linda wa mabango akarudi nyuma akipiga kelele. Mwandishi wa televisheni akabaki ameshika kipaza sauti. Hermelinda alitamani ardhi ipasuke immeze na shali yake.

"Hermelinda!" Sauti ilikuwa ya Don Cosme, dereva mstaafu wa treni. "Nani kakutuma jikoni wewe? Mpe mwenyewe koleo!"

"Mwenyewe ni nani?" mwandishi akauliza.

"Nemesio, nani tena! Huyu alitupikia mara moja tu, mumewe alipougua. Kesho yake nusu ya kituo hatukwenda kazini!"

Wazee wakaangua kicheko, wakapigana mabega. Hermelinda akamwona Refugio amejishika tumbo, machozi yanamtoka.

"Kumbe na wewe ulijua?"

"Mwenzangu, Colton hii nani asiyejua? Nilikuwa nakuuliza ili nikuone unavyokimbia!"

Hermelinda akashusha pumzi, na alipoishusha aliona mabega yake yamekuwa mepesi, kama aliyetua ndoo kichwani baada ya kupanda mlima mzima. Akacheka. Alicheka kuliko siku ile ya picha.

"Zimeni kamera!" Prescott alinong'ona, amepauka. Hakuna aliyezima. Wences alitazama watu, akingoja waondoke. Walikuwa wanasukumana kwenda dirishani.

Hermelinda akaingia nyuma ya majokofu, alikojificha Nemesio, akamtoa kwa kumvuta mkono, akampa koleo. Mzee aliona haya mpaka masikio yakawaka, lakini chapati ya kwanza ilipogusa mafuta akasahau kamera. Yeye Hermelinda akavua shali, akaegemea dirisha, akaita kama zamani:

"Treni itawasubiri! Taco haimsubiri mtu!"

"Na pilipili juu!" wazee wa treni wakaitikia kwa pamoja, kama walivyoitikia ujanani.

Prescott akawatazama, akamtazama bibi dirishani, kisha akamgusa Wences begani akaomba kalamu ayaandike maneno yale kwa bango jipya.

Jumapili iliyofuata, misa ilipoisha, mama mmoja mgeni kutoka Riverside alimsimamisha Hermelinda kwenye ngazi za kanisa.

"Samahani, wewe si Mama Linda? Nakuomba, ile nyama unaitia nini?"

"Sijui, binti yangu!" Hermelinda alijibu kwa sauti ambayo padre aliisikia ndani. "Muulize mume wangu, huyo anayejificha nyuma ya Refugio."

Kisha akakaa kwenye ngazi, akanyoosha miguu, akamsubiri mumewe amalize kueleza.