Mguu wa Serikali

Usiku wa jana niliota Tanganyika ina watu wengi kuliko nchi zote za dunia. Tulikuwa na bendera yetu na waziri mkuu wetu, na Mfalme wa Uingereza alituomba askari kwa upole, kama mtu anavyoomba chumvi kwa jirani mwenye ghala kubwa.

Vita ni vile vya Burma. Niko stesheni ya Tabora. Kwa wingi wetu treni imekuwa ndefu mno: kichwa chake kimeshafika Burma na mkia bado haujaondoka. Reli imepita juu ya bahari. Hakuna anayeshangaa.

Mlangoni mwa behewa la mwisho namwona babu Mihayo, baba yake mama. Simjui kwa sura. Hata mama hakumjua, maana alipanda treni hii mama akiwa bado tumboni, na hakurudi. Lakini ameuma mdomo wa chini, kama mama alivyouuma akitia uzi kwenye sindano. Basi ni yeye.

Behewa limejaa. Mguu wake wa kulia uko ndani, wa kushoto uko nje.

"Shikamoo babu," nasema. Mimi nimepita miaka sitini, yeye hajafika thelathini. Anaona haya.

"Marahaba, mama."

"Shuka. Binti yako anakungoja."

"Binti gani?"

"Kalunde. Hajazaliwa bado. Tumemzika mwezi uliopita."

Anafikiri. "Basi nimechelewa."

"Hujachelewa. Mguu mmoja bado uko nje."

Kengele ya stesheni inakohoa. "Treni haiondoki mpaka kila mtu atie miguu miwili. Sogeeni huko ndani!"

Ndani kuna Mzaramo mmoja, jina lake Kondo. Anacheka. "Watani zangu Wanyamwezi! Miaka yote mmebeba mizigo ya watu, leo mnabebwa nyinyi mnaona tabu? Haya ingia, nimekaza tumbo."

"Kaza na mdomo," babu anamjibu.

Tumbo la Kondo linarudi ndani kweli, mpaka anabaki bapa kama ubao. Nafasi ya mguu inapatikana. Napiga magoti, nakumbatia kifundo cha babu. Wao wanavuta, nami navuta. Nikiachia, mama atafagia maisha yake yote.

Maana mama alifagia uwanja kila siku jua likizama. Watu walimwonya kwamba ukifagia giza linapoingia unafukuza baraka. Yeye alisema, "Baba akipita usiku, asubuhi nitaona nyayo zake." Kila alfajiri aliitazama ardhi kwanza, ndipo akanawa uso. Tangu afariki nafagia mimi.

Mikono inaanza kuniteleza. Hapo habari inatoka Burma, mdomo kwa mdomo, behewa kwa behewa, mpaka inamfikia Kondo.

"Vita vimekwisha!" anapiga kelele. "Watu wetu wameshuka mpaka Burma imejaa. Adui amekosa pa kusimama. Ameomba radhi, ameenda kwao."

Kengele haifurahi. "Aliyetia miguu miwili anaendelea mpaka mwisho wa reli. Wa mguu mmoja arudi kwake. Lakini mguu ulioingia ni wa serikali. Usiutumie nyumbani."

"Ndiyo, bwana," anasema babu, anaukunja.

Treni inaanza kwenda. "Mtani!" Kondo anaita, bado bapa. "Ukisikia nimekufa, uje unicheke!"

"Nitakuja, hata kwa mguu mmoja!"

Nikigeuka, stesheni imekuwa uwanja wetu. Mtoto wa kike anafagia kwa ufagio unaomzidi kimo. Babu amesimama pembeni kwa mguu wake wa kushoto, anaogopa kuchafua.

"Shikamoo," anasema mtoto. "Mbona hupiti?"

"Marahaba. Naona umeshafagia."

"Nimefagia ili ukanyage," anasema mama.

Anakanyaga.

Niliamka kunapambazuka. Nilitoka nje kabla ya kunawa uso. Uwanja niliufagia mwenyewe jana jioni, na mistari ya ufagio ilikuwa bado inaonekana. Kutoka njiani mpaka kwenye kaburi la mama zilipita nyayo, zote za mguu wa kushoto. Za kurudi hazikuwapo.

Jirani yangu, mama Nyamizi, alikuja na bakuli la karanga kama alivyozoea tangu msiba.

"Hodi! Mbona umesimama hivyo? Kuna nini?"

"Zungukia nyuma, dada," nikamwambia. "Wamelala."