Bomba Jipya la Baba Mkwe

Watu walimwita Fundi Dawa. Viwavijeshi wakiingia kwenye mahindi ya mtu, ni yeye aliyebeba bomba la kunyunyizia dawa mgongoni na kupita mstari kwa mstari, akilenga moyo wa kila mche. Msimu huu mikono ilianza kumtetemeka. Chai ilimwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Daktari hakuzungusha maneno: dawa imemwingia mwilini, aache kazi hiyo.

Kabla hajamwambia yeyote zaidi ya mkewe, baba mkwe akaja.

"Mwanangu, shamba langu linaliwa. Ukifunua majani, ndani kinyesi cha viwavi kitupu. Utakuja lini?"

"Kesho, baba."

Jibu lilimtoka lenyewe. Utamwambiaje hapana mtu aliyekupa mke?

Mkewe alisikia akiwa jikoni. Asubuhi Fundi Dawa alikuta mpira wa bomba umekatwa vipande vipande. Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Panya hao," mkewe alisema, akifagia.

"Panya wa nyumba hii wana kisu?"

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Kicheko hakijaisha, mzee akabisha hodi akitaka kujua mbona mkwewe amechelewa. Aliuona ule mpira, akageuka akaondoka. Mchana alirudi na bomba jipya, bado limefungwa nailoni.

"Lako hili. Zawadi."

Hapo mke akashindwa kuvumilia. "Baba, mtazame mikono. Daktari amemkataza!"

Mzee aliitazama ile mikono. "Basi nitapiga dawa mwenyewe," alisema kwa upole, na upole huo ulimchoma mkwewe kuliko tusi.

Wakamfuata shambani. Mzee alikoroga dawa bila glavu, akaingia kwenye mahindi upepo ukimpiga usoni.

"Baba, geuka! Upepo uwe mgongoni!"

Hakusikia. Alikuwa anakohoa, ameinama.

Mke alimshika mumewe shati. "Usiende."

"Nikae nimtazame baba yako akifa?"

Vidole vya mke vikaliachia shati. Kule baba, huku mume.

Fundi Dawa alimvua mzee bomba, akajifunga kitambaa puani. Mikanda mipya ilimkaza mabega. Alipofika katikati ya shamba, mikono ikaanza kutetemeka tena. Alitazama nyuma, akatazama mbele. Kurudi na kumaliza, mwendo ni uleule.

Akaendelea kupiga dawa.