Ukuta wa Kiema

Nzomo alikuwa na mgongo mbovu na babu mashuhuri, na kwa maoni yake mambo hayo mawili hayakuachana. Kila alipoinama kuokota jembe akakwama nusu njia, mkono kiunoni, alisema hayo ni mawe ya Kiema. Kiema, mzee aliyemzaa baba yake, ndiye aliyejenga ule ukuta mweusi unaokatiza mashamba upande wa kusini wa Mutomo. Alibeba mawe mpaka mgongo ukaharibika, na mgongo huo ukashuka kwa mwanawe, kisha kwa mjukuu, jinsi wenzake wanavyorithi ng'ombe.

Ukuta wenyewe ulikuwepo, hilo hakuna aliyebisha. Ulifika mtu kifuani, mawe yake mazito yamekatika kwa pembe na kupangana kama matofali, na ulikwenda umenyooka kana kwamba kuna mtu aliyeuvutia kamba. Mgeni akiuona mara ya kwanza aliuliza fundi wake ni nani. Kama Nzomo yuko karibu, jibu lilikuja kabla swali halijaisha.

Kwa miaka mingi majivuno hayo hayakumdhuru mtu. Kisha mwaka wa 1979 mashamba yakaanza kupimwa na kupewa namba, na kamati ya ardhi ikawa inapita boma kwa boma kuuliza kila mtu mpaka wake uko wapi.

Mpaka kati ya Nzomo na jirani yake, mjane aitwaye Mbula, ulijulikana na kila mtu. Ulikuwa mstari wa makonge uliopandwa na marehemu Ndolo, mumewe Mbula, na siku ile ya kupanda, mtu aliyemshikia Ndolo kamba alikuwa Nzomo huyo huyo. Lakini ukivuka makonge ukateremka kidogo, kabla hujaufikia ukuta, kulikuwa na kipande cha ardhi cha ajabu. Hapo udongo ulikuwa na maji hata mwezi wa kumi, ng'ombe wa watu wakiwa wamebaki mifupa. Mbula alikuwa na ndizi hapo, na miwa, na nduma zenye majani mapana, na kwa kipande hicho alikuwa amelea watoto wake bila kumpigia mtu hodi. Nzomo alikitazama kila asubuhi akipeleka ng'ombe wake mbali kwenye mto wa mchanga. Alikitazama mno, na siku moja wazo likamjia. Babu alijenga ukuta. Mtu hujenga ukuta wapi, kama si mwisho wa shamba lake?

Wazo lilimpendeza hata akasahau ile kamba aliyomshikia Ndolo.

Siku ya kamati watu walijaa. Mwenyekiti alikuwa Mulei, mwenye duka, mtu mnene wa kofia ambaye hakupenda kuharakishwa. Alikuja pia na mgeni wake, kijana aitwaye Aftin kutoka Garissa, aliyetumwa kutafuta mahali pa kuchimba kisima cha watu wote, na ambaye alitembea na nyundo ndogo akigonga kila jiwe kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa. Nzomo, kwa upande wake, alimleta mama yake, Syokau, ajuza ambaye umri wake ulikuwa umewashinda watu kuukisia. Alimketisha kivulini, akampa shali safi na kumwambia kazi yake ni kutikisa kichwa tu. Alitaka watu waone kwamba ukoo wake una mizizi.

"Mwenyekiti," Nzomo akasema, "hii ukuta ilijengwa na babu yangu, Kiema. Mtu hawezi kujenga ukuta katikati ya shamba yake. Anajenga mwisho. Kwa hivyo mpaka ni ukuta. Hiyo makonge ni makonge tu."

Wazee wakatazamana. Maneno yalikuwa na sura ya akili.

Aftin aliinua mkono. "Samahani, mzee. Hii haikujengwa na mtu." Akagonga jiwe, likalia kama chuma. "Zamani sana, kabla watu wawe hapa, huko chini kulikuwa na mawe imeyeyuka na moto, kama uji. Ikapanda kwa ufa ya ardhi, lakini haikufika juu. Ikapoa huko huko ndani, polepole, ikawa ngumu. Hizi pembe unaona kama ya matofali ni vile ilipasuka ikipoa. Sasa mvua imekula udongo ya juu miaka mingi, na mwamba imebaki imesimama. Hata haya maji ni kwa sababu yake. Yanateremka chini ya udongo, yanagonga mwamba, yanakosa njia, yanakaa."

Kisha mtu mmoja akacheka, na kicheko kikaenea. Uji uliosimama wima tangu kabla ya watu kuwepo.

"Kijana yangu," Nzomo akauliza kwa upole mwingi, "huo uji, uliuona?"

"Hapana, mzee."

"Mimi babu yangu nilimwona."

Watu wakacheka tena, na safari hii walicheka pamoja na Nzomo. Mulei alivua kofia akajikuna. Upande mmoja kuna uji usio na shahidi, upande wa pili kuna Kiema, ambaye wazee kadhaa waliokuwa hapo walimkumbuka. Nzomo alizitazama zile ndizi akaanza kuzihesabu kuwa zake. Mgongo wake siku hiyo haukumuuma hata kidogo.

Ndipo Mbula aliposimama, akakung'uta leso yake taratibu. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye sauti ndogo. Nzomo alijiandaa kwa machozi au matusi, na alikuwa na jibu la kila kimoja.

"Mimi sina ubishi," Mbula akasema. "Nakubali Mzee Kiema alijenga. Nauliza tu, Mzee Nzomo. Hii ukuta inaanza kule mlimani, inapita kwa mwenyekiti hapo, inapita nyuma ya kanisa, inavuka mto, inaenda. Babu alijenga peke yake, ama aliita mwethya?"

Swali lilikuwa na adabu na halikuonekana kuwa na meno. Mwethya ni kule kuitana kufanya kazi kwa pamoja, leo kwangu, kesho kwako, na hakuna boma Ukambani lisiloujua. Nzomo alifikiri haraka. Kusema babu alijenga ukuta wa namna hiyo peke yake kungewashinda kumeza hata waliompenda.

"Aliita mwethya," akasema. "Mwethya kubwa. Watu walitoka mpaka Ikutha." Picha hiyo ikamkolea, akaongeza, "Walikuwa wanaimba."

"Na walikula nini?" Mbula akauliza.

"Ng'ombe."

Nyuma ya watu, mzee mmoja aitwaye Jonah akakohoa. "Sasa nakumbuka. Babu yangu alikuwa kwa hiyo mwethya. Alisema hakuona ng'ombe. Alirudi nyumbani na njaa."

"Wangu aliangukiwa na jiwe kwa kidole," akasema mwingine. "Mpaka akakufa alikuwa anatembea upande."

Kufumba na kufumbua kila mtu alikuwa na babu aliyebeba jiwe. Mabibi pia walitajwa, kwamba ndio waliochota maji. Hata bwana mmoja ambaye ukoo wake mzima ulihamia kutoka Makueni baada ya vita vya Wajerumani alisema babu yake alipita njia siku ile akasaidia kidogo. Nzomo alitabasamu. Aliona ukoo wake unapanda juu kama moshi.

"Vizuri," Mbula akasema. "Basi nauliza ya mwisho, niketi. Kuna mtu amewahi kusikia Mzee Kiema amerudisha mwethya? Alienda kulima kwa nani?"

Wazee wakafikiri kwa bidii. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kusikia kwamba Kiema alionekana na jembe katika shamba la mwenzake. Tabasamu la Nzomo lilianza kulegea pembeni.

"Mwethya haikurudishwa," Mulei akasema polepole, akivaa kofia yake. "Kama babu hakurudisha, mjukuu anarudisha. Hiyo haina kamati." Akakumbuka kwamba matuta ya shamba lake yalikuwa yamebomoka. Jonah alikuwa na visiki vya kung'oa, vikubwa. Wanawake wa kanisa walitaka kuchimbiwa msingi wa jiko. Yule wa kutoka Makueni alihitaji choo, na akaeleza kwamba ardhi ya kwake ni changarawe tupu lakini mtu wa ukoo wa Kiema hawezi kuogopa changarawe.

Mgongo wa Nzomo ukaanza kuuma, na alikuwa amesimama tu.

Aliwatazama watu. Walimtazama kwa heshima, kila mmoja na kazi yake machoni. Akageuka kwa Aftin.

"Kijana," akasema, "hebu rudia ile habari ya uji. Hapo mwanzo sikusikia vizuri. Kulikuwa na upepo."

Hakukuwa na upepo wowote. Aftin, ambaye alikuwa amelelewa vizuri, alirudia yote, moto na ufa na kupoa, na kila sentensi Nzomo aliitikia kwa kichwa. Mwisho akasema, "Naona huyu amesoma," na watu wakacheka mpaka Mulei akashika tumbo.

Lakini Mulei alitaka neno lenyewe, na Nzomo akalazimika kulitoa. "Babu yangu hakujenga," akasema. Yalikuwa maneno machache na yalimuuma kuliko mgongo. Kila mwaka wa njaa, akiwa mtoto, baba yake aliwakusanya mekoni akawaambia wasilie, wao ni watu wa ule ukuta. Nzomo alilala na njaa lakini alilala akiwa mtu. Sasa alikuwa ameupeleka ukuta sokoni kwa ajili ya ndizi, na amerudi bila ndizi na bila ukuta.

Mulei alimgeukia ajuza, kusudi kamati isilaumiwe. "Susu, nyanya yetu, wewe uliolewa hapo. Unajua nini?"

Walidhani Syokau amelala. "Huyo mzee ni baba ya bwana yangu," akasema, na kwa heshima hakulitaja jina, kwani mke wa mwana hamtaji mkwewe. "Kujenga? Hata kibanda ya kuku ilimshinda, nikajenga mimi. Mgongo yake ilikuwa mbaya tangu ujana. Lakini jua likishuka, hiyo mawe inabaki na joto. Alikuwa anaenda kuegemea hapo mpaka mgongo inyamaze. Mimi nikimwona napita njia ingine, ni mkwe. Watu wakimtafuta wanaambiwa, yuko kwa ukuta yake. Ndio ikaitwa yake."

"Mwaitu, mama," Nzomo akasema, "mbona hukuniambia, miaka hii yote?"

"Mgongo ya baba mkwe inasemwa namna gani?"

"Na leo je?"

"Leo nimeulizwa na serikali."

Mpaka ukabaki makonge. Watu walipotawanyika, Mbula alipita karibu na Nzomo na jembe lake begani. "Mzee, ukitaka kuegemea, pitia tu hapo kwa ndizi," akasema. "Lakini ukiwa hapo unifukuzie tumbili."

Nzomo alijifanya hakusikia, na akaendelea hivyo kwa muda mrefu. Kisha mvua ikanyesha, ikaanuka, akalima siku nzima juani, na jioni hakuweza kunyooka. Alivuka makonge akiwa amejikunja, mikono nyuma, akitazama huku na huku kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Alipofika ukutani akaegemeza mgongo.

Joto likaingia taratibu, kwanza kwenye ngozi, kisha ndani zaidi. Kilichokuwa kimekaza kikalegea. Alifunga macho akamfikiria Kiema, si yule wa mawe, huyu mwingine ambaye hakuwahi kumjua, mzee mvivu mwenye maumivu aliyepata dawa yake akanyamaza. Akampenda. Tumbili alishuka kwenye ndizi, na Nzomo akamrushia kijiwe bila kuinuka.

Mbula alikuwa ameinama kwenye nduma pale Jonah alipoita kutoka upande wa juu wa makonge, akiuliza Mzee Nzomo yuko wapi, amekosekana bomani.

"Yuko kwa ukuta yake," Mbula akajibu, na akaendelea kuchimba.

Nzomo alisikia, akasogeza mgongo pale jiwe lilipokuwa na joto zaidi.