Sakiti Iliyopimwa kwa Mama

Kaka yangu hana subira, nami sina ulimi mtamu, kwa hiyo ugomvi haukukawia. Mama alikuwa amekosea vipimo vya wateja watatu mwezi huo. Masikio yake hayakuweza tena kutenga maneno na kelele za cherehani, na vifaa vya kusikilizia vya dukani vilikuza vyote kwa pamoja.

"Ijumaa tunafunga kibanda," kaka alisema. "Mama apumzike."

"Umemuuliza kama amechoka?"

Hakumuuliza. Mama ameshona pale miaka thelathini, na kumwondoa ni kumzika akiwa hai. Nikamwambia kaka anipe hadi hiyo Ijumaa.

Mimi ni fundi wa elektroniki. Nilikuwa na chipu ambayo kompyuta huweza kuipanga upya ndani, bila mtu kushika waya. Sikuchora sakiti yoyote, yaani njia za kupitisha umeme. Niliiacha kompyuta ibuni mipangilio hamsini ovyo ovyo, iijaribu kwa kelele za cherehani nilizorekodi, itupe mibovu, kisha ichanganye iliyobaki, nusu ya huu na nusu ya ule, pamoja na kasoro ndogo ya kubahatisha. Kizazi cha kwanza kilikuwa balaa tupu. Kufikia cha elfu mbili, sauti ya mtu ilitoka safi mezani kwangu. Nikacheka peke yangu.

Jumatano nilimvalisha Mama kibandani kifaa cha sikioni chenye chipu hiyo. Akakunja uso.

"Nasikia mluzi tu, mwanangu."

Nikarudi nacho kwangu, kikafanya kazi vizuri. Nikakipeleka tena kwake, mluzi. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa huwa nagomba. Nikakaa mbele yake, nikamweleza kwa sauti ya juu jinsi nilivyokitengeneza: chumba changu, feni yangu, sauti yangu.

"Kwani uliyempima ni nani?" akauliza. "Nguo yangu umeikatia mwili wako, halafu unashangaa inanibana?"

Nikatazama pasi zilizokuwa moto kando yake. Sakiti ilikuwa imezoea ubaridi wa meza yangu. Joto la pasi za Mama liliivuruga. Mcheza kwao hutunzwa, na ile ilikuwa imechezea kwangu.

Nikahamishia kila kitu kibandani, nikakiweka kati ya cherehani na pasi. Kompyuta ikazalisha humo humo kwenye joto, na sakiti bora za kila mzunguko Mama akazihukumu mwenyewe: akisikia vizuri anabonyeza kitufe, akisikia vibaya anasonya. Kwa siku mbili alizisonya sakiti zaidi ya alivyowahi kunisonya mimi, na hiyo si kazi ndogo. Zilizopona zikazaa.

Ijumaa mchana kaka alikuja. Mama alikuwa ametugeuzia mgongo, anashona, na mashine inapiga kelele zake zote. Kaka akaninong'oneza mlangoni:

"Hujamwambia bado?"

"Kuniambia nini?" Mama akauliza.

Hakugeuka, wala mguu wake haukuacha pedali. Kaka alinitazama, macho yamemtoka. Nikamwacha ajibu mwenyewe.